Anza na Ndege wa Jirani: Mwongozo wa Picha za Ndege kwa Anayeanza

Picha za ndege zimezoeleka kuhusishwa na hifadhi za taifa, gari la watalii na lenzi ya mamilioni ya shilingi, na kwa sababu hiyo watu wengi wenye hamu nazo hawaanzi kabisa. Wanangoja pesa, wanangoja safari. Wakati huohuo chozi ananing'inia kwenye ua la mgomba nyuma ya jiko, na yangeyange wanapita juu ya paa kila jioni wakienda kulala. Kenya na Tanzania kila moja ina aina zaidi ya 1,100 za ndege. Uganda, iliyo ndogo kuliko zote mbili, ina zaidi ya 1,000. Wengi wao hawajui mpaka wa hifadhi uko wapi.

Mwongozo huu unakutaka uanze na ndege ambao unaweza kuwaona kila siku, na sababu si gharama peke yake. Picha nzuri ya ndege hutokana na kujua atakachofanya kabla hajakifanya: atatua tawi gani, atageukia upande upi, ataondoka saa ngapi. Elimu hiyo huipati kwa ziara ya siku mbili Ziwa Manyara. Unaipata kwa kumtazama shorewanda yuleyule kwenye mpapai uleule, asubuhi nyingi mfululizo, mpaka ujue kwamba akimaliza kula huenda kwenye waya wa umeme kufuta mdomo. Ukishajua hivyo, unaelekeza kamera kwenye waya kabla yeye hajafika.

Vifaa: anza na ulichonacho

Tatizo la ndege ni udogo na umbali. Chozi ana urefu wa kidole, na akikuona hatua kumi anaanza kufikiria kuondoka. Kwa hiyo kinachotafutwa kwenye kifaa ni uwezo wa kuvuta karibu, kisha wepesi wa kufokasi. Idadi ya megapikseli iliyoandikwa kwenye boksi ije baadaye.

*Simu.* Usivute kwa vidole kwenye kioo. Simu nyingi hapo hukata tu kipande cha picha na kukikuza, na manyoya hugeuka ukungu. Ukiwa na darubini ya mikono miwili, weka lenzi ya simu kwenye kitundu kimoja cha kuchungulia, ishikilie kwa vidole viwili ili mwanga usipenye pembeni, na uegemeze mkono ukutani au kwenye mti. Inahitaji mazoezi, ila matokeo yake hushangaza. Simu pia ni nzuri kwa picha pana, ambapo ndege ni alama ndogo ndani ya mandhari: mwari juu ya maji yaliyotulia, kundi la yangeyange nyuma ya trekta linalolima.

*Kamera ndogo yenye zumu ndefu.* Hiki ndicho kifaa ambacho ningemshauri mtu mwenye bajeti ya kawaida. Lenzi haitoki, kwa hiyo vumbi haliingii ndani kirahisi, na kuna zinazovuta hadi kiwango cha milimita 1,000 na zaidi. Udhaifu wake ni mwanga hafifu: ndani ya msitu, saa kumi na mbili asubuhi, picha zake huwa na chembechembe nyingi.

*Kamera ya kubadilisha lenzi.* Lenzi ya milimita 300 ndiyo mwanzo unaofaa. Inayofika 400 au 600 ni bora zaidi. Kamera zenye kihisi kidogo zina faida hapa, kwani hupunguza upana wa picha kiasi kwamba lenzi ya 300 hukupa karibu kile ambacho 450 ingekupa kwenye kamera yenye kihisi kikubwa. Soko la vifaa vilivyotumika ni kubwa mijini. Kabla ya kulipa, toa lenzi, imulike kwa tochi ya simu kutoka nyuma na utazame ndani kwa makini. Ukiona nyuzi nyembamba mithili ya utando wa buibui, hiyo ni kuvu. Iache, hata ikiwa bei ni ya kutupa.

Stendi ya miguu mitatu si lazima mwanzoni. Mfuko wa kitambaa uliojazwa mchele au maharage, ukawekwa juu ya ukuta, jiwe au dirisha la gari, hutuliza lenzi vizuri na ni mwepesi kuubeba.

Kunguru na yangeyange: somo la kamera

Kabla ya kukimbilia ndege wa rangi, jifunze kamera yako kwa ndege wawili ambao mji wowote wa pwani unao: kunguru na yangeyange. Mmoja mweusi, mwingine mweupe. Kamera inapopima mwanga hudhani kila kitu ni kijivu. Ukijaza fremu kwa kunguru, itaongeza mwanga mpaka awe wa kijivujivu. Ukijaza kwa yangeyange, itaupunguza mpaka weupe wake ufifie. Lakini akiwa mdogo mbele ya majani meusi au matope, kamera hupima matope, na yeye hubaki doa jeupe lisilo na unyoya hata mmoja unaoonekana.

Dawa yake ni kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, +/−. Fanya hivi:

1. Weka kamera kwenye hali ya A au Av, ambapo wewe unachagua tundu la lenzi na kamera inachagua kasi. Tundu liwe f/5.6 hadi f/8.
2. ISO iweke ijipange yenyewe, lakini uiwekee ukomo wa 3200. Kwa kamera mpya 6400 haina neno.
3. Kama kamera inaruhusu, weka kasi ya chini kabisa isiyopungua 1/500. Kwa ndege anayeruka panda hadi 1/1600 au 1/2000. Chozi na ndege wadogo wengine hutikisika hata wakiwa wametua, kwa hiyo 1/1000 si nyingi.
4. Chagua fokasi inayofuata kitu kinachotembea. Kwenye kamera nyingi imeandikwa AF-C. Kwenye Canon utaikuta kama AI Servo au Servo.
5. Piga kwa mfululizo mfupi wa picha tatu hadi tano, si kwa kushikilia kitufe mpaka kadi ijae.
6. Yangeyange mbele ya kitu cheusi: shuka hadi −1. Kunguru au ndege mwingine yeyote akiwa mbele ya anga jeupe: panda hadi +1, wakati mwingine +2.
7. Kuza picha kwenye kioo uangalie jicho. Jicho likiwa halina ncha kali, picha haijapatikana, hata kama mkia unaonekana kila unyoya.

Kunguru ana faida nyingine. Anaruka kwa mwendo wa wastani, kwa njia ileile, kila siku. Simama panapopita kundi lao jioni na ujizoeze kumfuata mmoja kuanzia mbali, ukizungusha kiuno badala ya mikono, na uendelee kumfuata hata baada ya kupiga. Mkono ukizoea kunguru, mbayuwayu hatakutisha sana.

Mwanga wa kwetu haukawii

Huku kwetu karibu na ikweta jua hupanda wima. Ule mwanga laini wa dhahabu unaosifiwa katika vitabu vya wapiga picha wa Ulaya, ambako hudumu muda mrefu, hapa hudumu nusu saa au zaidi kidogo. Mwanga unaofaa hauvuki saa tatu asubuhi, na jioni hurudi kuanzia saa kumi. Katikati ya hapo kivuli huangukia machoni mwa ndege, na mvuke wa joto unaopanda kutoka ardhini huzifanya picha za mbali zitetemeke. Hakuna lenzi inayoponya hilo. Tumia saa hizo kula, kulala, au kuingia msituni ambako kivuli hupunguza ukali.

Siku ya mawingu mepesi usikae nyumbani. Rangi za ndege wa msituni hutoka vizuri kuliko siku ya jua kali, na unaweza kupiga hata saa sita mchana.

Kumsogelea ndege

Ndege haogopi rangi ya shati lako kama anavyoogopa mwendo wako. Mtu anayemwendea moja kwa moja huku amemkazia macho hufanya kama mwewe au paka afanyavyo, na ndege anasoma hivyo. Kwa hiyo:

1. Kwanza simama mbali umtazame kwa dakika chache. Anakula? Anachana manyoya? Anaelekea upande gani?
2. Jua liwe mgongoni kwako. Kivuli chako kikimwelekea yeye, uko mahali pazuri kwa mwanga, ila hakikisha hakimfikii.
3. Tembea kwa kukata pembe, kulia kisha kushoto, kana kwamba unapita tu.
4. Piga picha moja ya mbali kabla ya kusogea. Akiondoka, utakuwa nayo ya kumtambulia.
5. Sogea hatua tatu, simama. Akiendelea kula, sogea tena.
6. Jishushe. Chuchumaa, piga magoti, au lala kabisa kama ndege yuko chini. Picha iliyopigwa kutoka usawa wa jicho la ndege humfanya mtazamaji ahisi yuko naye. Iliyopigwa kutoka juu huonyesha mgongo na ardhi.
7. Akinyoosha shingo, akiacha kula au akikunja miguu, simama papo hapo. Akinya, jiandae: wengi hufanya hivyo sekunde chache kabla ya kuruka.
8. Ukimaliza, rudi polepole ulikotokea. Ndege uliyemwacha akiendelea kula utamkuta kesho.

Njia bora kuliko kusogea ni kukaa. Tafuta tawi ambalo ndege hurudia, keti mita nane au kumi kutoka hapo, funika kamera kwa kanga yenye rangi iliyopoa, na usubiri. Robo saa ya kwanza haitatokea kitu. Baadaye eneo lote huanza kukusahau, na ndege wataendelea na shughuli zao.

Ndege huruka na kutua wakiukabili upepo. Ukijua upepo unatoka wapi, umejua uso wake utaelekea wapi. Pwani, mchana, upepo mara nyingi hutoka baharini, hivyo wanaoruka kutoka ufuoni hukupa mgongo. Kaa pembeni yao uwapate wakipita ubavu.

> Angalizo kuhusu mavazi. Vaa rangi ya udongo au majani makavu. Usivae kabisa nguo zenye mabaka ya kijeshi, hata kama zinauzwa mtumbani na hata kama wapiga picha wa nchi nyingine wanazivaa. Katika nchi zetu raia kuvaa sare za jeshi ni kosa, na maelezo kuhusu ndege hayatakusaidia kituoni. Kwenye mapori ya mbung'o epuka nguo nyeusi na za bluu iliyokoza, kwa kuwa zinawavuta.

Ufuoni: maji, mwezi na jua

Kama unaishi pwani, una bahati ambayo watu wa bara hawana. Kuanzia Septemba mpaka Aprili, fukwe za tope kuanzia Lamu hadi Mtwara hujaa vitwitwi, sululu na jamaa zao waliokimbia baridi ya Ulaya na Asia. Hori ya Mida karibu na Watamu, mdomo wa Mto Sabaki kaskazini mwa Malindi na delta ya Rufiji ni sehemu zinazojulikana sana, lakini hata tope lililo kando ya Daraja la Salenda jijini Dar es Salaam lina ndege wa kutosha kukuweka hapo jioni nzima.

Mgeni mmoja anastahili kusubiriwa peke yake: ndege mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu, na mdomo mnene uliotengenezwa kwa kuvunja kaa. Huzaliana kwenye mashimo anayochimba mchangani katika pwani za Uarabuni na Ghuba, kisha huja kukaa kwetu kwa makundi. Akikamata kaa humtikisa na kumpigapiga mpaka miguu inakatika, ndipo ammeze. Tukio hilo huchukua muda wa kutosha kwa mpiga picha aliye tayari.

Siri ya ufuoni ni maji. Yakipwa, ndege husambaa kwenye tope kilomita nzima mbele yako, wadogo kama nukta. Yakijaa, yanawasukuma kurudi nchi kavu. Kwa hiyo usiende maji yakiwa yamepwa ukawafuata topeni. Nenda yanapojaa, ukae, uache maji yakuletee.

Sasa unganisha mambo matatu. Siku za bamvua, yaani zile za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji ya pwani yetu hujaa takriban saa kumi hadi saa kumi na moja, alfajiri na jioni. Mwanga wa jioni nao huanza kulainika saa kumi. Na pwani yetu ya bara inaelekea mashariki, kwa hiyo jioni, ukitazama bahari, jua liko mgongoni kwako. Bamvua ya jioni hukupa vyote kwa pamoja: ndege karibu, mwanga laini, jua nyuma. Siku za maji mafu mambo hugeuka. Maji hujaa saa nne au saa tano asubuhi, na hayafiki juu sana.

Mpango wa kazi siku ya bamvua:

1. Uliza wavuvi saa ya kujaa, au tazama jedwali la maji. Kila siku inayofuata, maji huchelewa kwa takriban dakika 50.
2. Fika saa mbili kabla ya kujaa. Chagua ulimi wa mchanga au ukingo wa mikoko ambao hautafunikwa mapema.
3. Lala au keti chini, na usiinuke tena. Ndege watasogea wenyewe kadiri tope linavyopungua.
4. Acha nusu ya mwisho ya muda huo iwe ya kutazama tabia: wanavyosimama kwa mguu mmoja, wanavyogombea sehemu kavu.
5. Usiwarushe kwa makusudi ili upate picha ya kundi angani. Ndege anayejiandaa kuruka maelfu ya kilomita anahitaji kila tone la mafuta aliloweka mwilini. Machi na Aprili hilo ni muhimu zaidi, na ndio wakati ambapo baadhi ya vitwitwi huwa wameshavaa rangi ya kutu ya msimu wa kuzaa.

> Hatari. Tope la mikoko linaweza kukushika mguu hadi gotini, na maji ya bamvua hujaa haraka, yakizunguka nyuma yako kupitia vijito usivyoviona. Jua njia ya kurudi kabla ya kukaa. Nenda na mwenzako.

Wewe uliye Unguja upande wa Mji Mkongwe, ufuo wako unatazama magharibi: geuza hesabu ya jua, na fikiria kupanda daladala kwenda upande wa mashariki.

Mnana: studio juu ya mnazi

Kwa aliye bara, na kwa yeyote mwenye mnazi au mti wenye koloni karibu na nyumba, hakuna ndege anayefundisha kama mnana. Mvua zikianza, dume wa manjano huchana kamba nyembamba kutoka kwenye jani la mnazi, matete au mahindi: huuma ukingo wa jani, kisha huruka akiivuta mpaka ichanike. Kwa kamba ya kwanza hufunga fundo kwenye kijiti, halafu hutengeneza duara ambalo atalikalia kama bembea muda wote wa ujenzi. Kutoka kwenye duara hilo husuka chumba upande mmoja na mlango upande wa pili, unaoangalia chini. Kazi ikiisha, huning'inia chini ya kiota kichwa chini, akipiga mabawa na kupiga kelele ili jike aje kukagua. Kiota kikikataliwa mpaka majani yanyauke na kupoteza ukijani, mara nyingi hukibomoa mwenyewe na kuanza upya.

Hapo una hadithi nzima ya picha mahali pamoja, kwa wiki kadhaa, bila kumfuata mtu porini. Simama mita kumi na tano au zaidi, mahali ambapo viota vina majani ya kijani nyuma yake badala ya anga. Kwa dume anayepiga mabawa tumia 1/1000 ukitaka yaonekane makali; shuka hadi 1/125 ukitaka mabawa yawe ukungu na kichwa kibaki kimetulia. Panga orodha ya picha unazotaka: kuchana jani, fundo la kwanza, duara, ukaguzi wa jike. Ukiwa na nne hizo umefanya kazi ambayo jarida lolote la mazingira lingeitazama.

Usipige manati wala kutikisa mti ili watoke, na usiruhusu watoto wakufanyie hivyo kama msaada.

Miiko

Furaha hii ina bei ambayo ndege ndiye anayeilipa pale tunapokosa kiasi. Haya usiyavuke:

- Viota. Mnana na wenzake wa koloni huvumilia watu. Ndege wengine wengi hawavumilii. Usikate tawi wala majani ili kiota kionekane vizuri. Majani hayo ndiyo kivuli cha makinda, na ndiyo yanayomzuia kunguru asiyaone.
- Kupiga sauti ya ndege kutoka kwenye simu. Dume akisikia mlio wa mwenzake hudhani amevamiwa, huacha kula na kulisha ili apigane na asiyekuwepo. Acha kabisa wakati wa kuzaa.
- Bundi. Usimmulike kwa flashi usiku. Na usitangaze aliko. Katika vijiji na mitaa yetu mingi bundi bado anahesabiwa kuwa ndege wa kisirani, na akijulikana mti wake huuawa. Kibundi mdogo wa msitu wa Arabuko-Sokoke na wa Usambara Mashariki ni adimu duniani. Picha yake ibaki bila ramani.
- Mahali. Simu huandika mahali ulipopigia ndani ya faili lenyewe. Zima kipengele hicho kabla ya kusambaza picha za bundi, kasuku, korongo taji au kiota cha ndege yeyote anayewindwa au kuuzwa.
- Chambo. Usimrushie furukombe samaki ili ashuke mbele ya mashua. Subiri awike, hutupa kichwa nyuma kabisa, na hiyo ni picha nzuri kuliko ya samaki wa kununua.

Watu na sheria

Mtu mwenye lenzi ndefu huzua maswali. Anza kwa salamu. "Shikamoo mzee, mimi napiga picha za ndege, naomba nikae hapa kidogo," inafungua milango mingi, na mara nyingi mzee ndiye atakayekuonyesha alipo hondohondo. Mtaani, mwone mwenyekiti au mjumbe kabla ya kukaa saa mbili ukielekeza kamera upande wa nyumba za watu. Ufuoni, zungumza na wavuvi. Baadaye waonyeshe picha.

Usielekeze kamera kwenye kambi za jeshi, vituo vya polisi, magereza, bandari au viwanja vya ndege, hata kama kipanga ametua juu ya uzio wake. Misitu ya hifadhi ina ada na ofisi. Pita hapo kwanza. Droni inahitaji kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, na hata ukiwa nacho, usiipeleke kwenye makundi ya ndege au viota.

Kamera ikae ndani ya begi la kawaida, lisilo na jina la kampuni ya kamera, mpaka ufike.

Kutunza vifaa

Adui wa pwani ni unyevu na chumvi. Ukirudi kutoka ufuoni futa mwili wa kamera kwa kitambaa laini kilicholoweshwa kidogo na maji baridi yasiyo na chumvi, kisha kikavu. Hifadhi lenzi kwenye kontena la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu na mikoba mipya. Vikusanye, na uvibadilishe mara kwa mara. Begi la ngozi kabatini ndimo kuvu hupenda kuanza. Ukitoka kwenye chumba au gari lenye kiyoyozi, acha kamera ndani ya begi lililofungwa kwa dakika 20 au 30, ipate joto taratibu, la sivyo lenzi itajaa mvuke wakati ndege ndiye huyo.

Makosa yanayoonekana mara nyingi

☐ Ndege katikati ya kila picha. Mwachie nafasi mbele ya mdomo, anakotazama.
☐ Nyuma yake kuna tawi angavu au bati. Sogea hatua moja kulia au kushoto. Usuli hubadilika kabisa.
☐ Kasi ndogo kwa kuogopa ISO. Chembechembe hupunguzwa kwa programu. Ukungu wa mtikisiko hauponi.
☐ Kuongeza rangi mpaka chozi ang'ae kuliko taa. Nyoosha, kata, rekebisha mwanga, basi.
☐ Kufuta picha zote zenye kasoro ukiwa bado porini. Huenda mojawapo ndiyo pekee inayoonyesha alama ya bawa ya kumtambulia ndege usiyemjua.

Orodha ya kabla ya kutoka

☐ Betri imejaa, na ya akiba ipo
☐ Kadi ina nafasi
☐ Saa na tarehe ya kamera ni sahihi
☐ Maji, kofia, dawa ya mbu
☐ Mfuko wa maharage, kanga
☐ Daftari na kalamu
☐ Mtu nyumbani anajua unakokwenda

Picha ikishapatikana

Iandikie jina la ndege, mahali, tarehe na alichokuwa akifanya, siku hiyohiyo. Kwa kumtambua, kitabu cha Terry Stevenson na John Fanshawe kuhusu ndege wa Afrika Mashariki kinahusu Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi, na programu ya Merlin ya bure hupendekeza majina kutokana na picha. Lakini jina lake lithibitishe kwa kitabu au kwa mtu anayejua. Vyama kama Nature Kenya, kilichoanzishwa 1909, Nature Tanzania na NatureUganda vina watu wenye uzoefu wa miaka mingi, na wanapokea wanaoanza kwa moyo mkunjufu.

Kisha weka kumbukumbu yako kwenye tovuti ya eBird. Wanasayansi huitumia kujua ndege gani wamefika, wapi, mwezi gani, na maeneo mengi ya kwetu bado yana kumbukumbu chache mno. Picha isiyopendeza, ya kitwitwi aliye mbali, ikiwa na tarehe na mahali sahihi, ina thamani huko.

Na kila unapopiga ndege wa ufuoni, kuza picha uangalie miguu. Baadhi yao wamevishwa pete za chuma au vibendera vya rangi vyenye herufi. Andika rangi ya kila pete, iko mguu gani, juu au chini ya goti, na herufi zake ukiweza kuzisoma, kisha uwapelekee watu wa chama cha ndege cha nchi yako pamoja na picha yenyewe. Wao watatafuta aliyemvisha, na utajibiwa ndege huyo alivishwa wapi na lini.